Kinywa Kina Sehemu Gani Katika Maambukizi ya H. pylori?

Watu wengi waliotibiwa vidonda vya tumbo, kisha dalili zikawarudia baada ya miezi michache, huambiwa na jamaa au marafiki kwamba bakteria walikuwa wamejificha mdomoni wakati dawa ikifanya kazi tumboni, na kwamba dozi ilipokwisha walimezwa pamoja na mate wakaanza makazi upya. Mimi pia niliambiwa hivyo nilipomaliza matibabu, na kwa kuwa maelezo hayo ni mepesi kueleweka wala hayamlaumu mtu yeyote, nilitaka kujua yamesimama juu ya nini. Baada ya kusoma kwa muda nimefikia maoni kwamba maelezo hayo si uongo, lakini yamebebeshwa mzigo mzito kuliko ushahidi unavyoweza kuubeba, na kwamba uhusiano wa kinywa na tumbo una mambo mengine yenye uzito zaidi ambayo hayasemwi sana.

Bakteria ninaowazungumzia ni Helicobacter pylori, ambao wagonjwa na wahudumu wa afya wamezoea kuwaita H. pylori. Wana umbo lililojisokota, na upande mmoja wa mwili wana mijeledi inayowawezesha kuogelea ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Asidi ya tumbo ingewaua upesi kama wasingekuwa na kinga, lakini wao hutengeneza kwa wingi kimeng'enya kiitwacho ureasi, ambacho huvunja urea, taka ya kawaida ya mwili, na kuacha amonia na kaboni dioksidi; amonia hiyo hupunguza makali ya asidi inayowazunguka, na ute nao hulegea kiasi cha kuwaruhusu kupenya hadi karibu na seli. Wakishafika huko hukaa miaka mingi, mara nyingi maisha yote ikiwa mtu hatatibiwa, na huleta uvimbe wa ukuta wa tumbo hata kwa yule asiyehisi maumivu yoyote. Sehemu ndogo ya walioambukizwa hupata vidonda vya tumbo au vya duodenamu, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo, na wachache zaidi hupata saratani ya tumbo, jambo lililofanya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liwaweke bakteria hawa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994.

Historia ya kugunduliwa kwao inajulikana, na sitairudia yote, ila kuna vipande viwili vinavyohusu moja kwa moja suala la kinywa. Cha kwanza ni ugumu wa kuwaotesha maabara. Robin Warren, mwanapatholojia (daktari anayechunguza vipande vya mwili maabara) wa mjini Perth, Australia, alianza kuwaona chini ya darubini mwaka 1979 katika vipande vidogo vilivyokatwa tumboni mwa wagonjwa, na baadaye akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Majaribio yao ya kuwaotesha yalishindwa mara nyingi, kwa sababu sahani za maabara zilitupwa baada ya siku 2 kwa kuaminika kwamba kama kuna kitu kingeota kingekuwa kimekwisha kuonekana. Mwaka 1982 sikukuu ya Pasaka ilifanya sahani moja iachwe kwa siku kadhaa zaidi, na waliporudi kazini wakakuta bakteria wameota. Hawa ni viumbe wanaokua polepole, wanaotaka hewa yenye oksijeni kidogo, na ambao katika sahani yenye bakteria wengine wenye kasi hufunikwa kabla hawajaonekana. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana kinywani kuna mamia ya aina za bakteria wengine.

Kipande cha pili ni kile cha mwaka 1984, Marshall alipokunywa mchuzi wa maabara wenye bakteria hawa ili aonyeshe kwamba wanaweza kumwambukiza mtu mwenye tumbo zima. Baada ya siku chache alianza kichefuchefu na kutapika, na watu wake wa karibu wakaona kwamba pumzi yake ilikuwa na harufu mbaya. Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko ile harufu ni kwamba matapishi yake hayakuwa na asidi. Katika wiki za mwanzo za maambukizi tumbo huweza kupunguza sana utengenezaji wa asidi, na hivyo kinachotoka mdomoni mtu anapotapika huwa kimejaa bakteria walio hai, ambao hawakuunguzwa na chochote njiani.

Hapo ndipo kinywa kinapoingia kwa uhakika katika habari hii. Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani walichapisha kazi ambayo ndani yake watu wazima wenye maambukizi, lakini wasio na dalili, walipewa dawa ya kuwatapisha na nyingine ya kuwaharisha, kisha sampuli zao zikaoteshwa. Bakteria walipatikana kwa urahisi katika matapishi. Katika mate walipatikana kwa watu wachache kabla ya kutapika na kwa wengi zaidi baada ya kutapika. Katika choo walionekana pale tu kilipopita kwa kasi ya kuharisha. Matokeo hayo yanasaidia kueleza kwa nini maambukizi mengi hutokea utotoni na ndani ya familia moja. Mtoto hutapika mara kwa mara, hushikwa na mikono ile ile inayomlisha mwenzake, hulala karibu na ndugu zake, na mdomo wake hukutana na kila kitu anachokiokota. Tafiti zilizolinganisha vinasaba vya bakteria wa watu wa nyumba moja zimekuta mara nyingi kwamba mtoto na mama yake wana bakteria wa ukoo mmoja. Kumtafunia mtoto mchanga chakula ndipo umpe kumetajwa katika baadhi ya tafiti kuwa kunaongeza uwezekano wa kumwambukiza, na hilo halishangazi kwa mtu aliyesoma habari za mate hapo juu.

Kwa watu wazima mambo ni tofauti kidogo. Mume na mke wanaweza kuishi pamoja miaka mingi, mmoja akiwa na bakteria na mwingine hana, ingawa wanabusiana na kugawana vyombo. Kwa hiyo naona ni kutia chumvi kusema kwamba busu moja linatosha kumwambukiza mtu. Mswaki wa mtu mwingine sitautumia, lakini sababu zangu ni nyingi na H. pylori si ya kwanza kati yake.

Swali gumu ni kama bakteria hawa wanaishi kinywani au wanapita tu. Kupita wanapita, hilo halina shaka, kwa sababu mtu anapocheua au kutapika chakula na majimaji ya tumbo hupanda hadi mdomoni. Kuishi ni jambo jingine, kwa kuwa kuishi maana yake ni kuzaliana mahali hapo, kizazi baada ya kizazi, bila kutegemea wageni wapya kutoka tumboni. Wanaosema wanaishi huelekeza kidole kwenye ukoga, ule utando laini unaojijenga juu ya meno, na kwenye mifuko inayojitokeza kati ya jino na ufizi ulioathirika, ambamo oksijeni ni kidogo. Kwa nadharia, mazingira hayo yanawafaa kiasi. Mwaka 1989 watafiti nchini Kanada walichunguza mate na ukoga wa wagonjwa 71 waliokuwa wakifanyiwa kipimo cha kamera ya tumbo. Wagonjwa 29 walikuwa na bakteria tumboni, lakini katika ukoga waliweza kuwaotesha kwa mgonjwa mmoja tu, na katika mate hawakuwapata kabisa.

Tangu wakati huo kipimo cha PCR, kinachotafuta vipande vya vinasaba badala ya kuotesha kiumbe kizima, kimeleta majibu yanayotofautiana kupita kiasi. Kuna tafiti ambazo hazikumkuta hata mtu mmoja mwenye H. pylori mdomoni, na kuna nyingine zilizowakuta karibu kwa kila mtu aliyepimwa. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuwa ya midomo ya watu peke yake. Sehemu kubwa yake lazima itokane na kipimo chenyewe. PCR huweza kushika vinasaba vya bakteria aliyekwisha kufa au aliyepanda na kiungulia asubuhi ile. Tena huweza, kama vipande vilivyochaguliwa kuwa alama havikuchaguliwa vizuri, kumtambua jirani kwa jina la mwingine, kwa maana kinywani kuna bakteria wenye undugu na H. pylori, mmojawapo akiwa Campylobacter rectus anayekaa katika mifuko ya fizi. Kipimo cha ureasi, ambacho kwenye kipande cha nyama ya tumbo hufanya kazi nzuri, mdomoni hakifai, kwa kuwa bakteria kadhaa wa kawaida wa kinywa, kama Streptococcus salivarius, nao wana kimeng'enya hicho hicho. Kwa hiyo ninapoona mtu ameandika kwa uhakika kwamba asilimia fulani ya watu wana H. pylori kwenye meno, nauliza kwanza alitumia kipimo gani.

Wanaosema bakteria hawa wanaishi kinywani wana jibu, nami nalipa uzito wake. Wanasema kwamba bakteria hawa wanapobanwa hubadili umbo wakawa duara na wakaacha kuota katika sahani ingawa wako hai, na kwamba kushindwa kuwaotesha si ushahidi wa kutokuwepo. Ni kweli kwamba umbo hilo lipo. Ila mpaka sasa haijaonyeshwa kwa namna inayoridhisha kwamba bakteria wa umbo hilo, waliotoka kwenye meno ya mtu, huteremka tumboni na kuanzisha ugonjwa.

Kuna jambo moja ambalo kinywa hulifanya waziwazi, nalo ni kuchanganya kipimo cha kupuliza hewa. Mgonjwa humeza urea ambayo kaboni yake imewekewa alama, ama kaboni 13 au kaboni 14. Kama H. pylori yumo tumboni, ureasi huivunja urea, kaboni dioksidi yenye alama huingia katika damu, hufika mapafuni na kutoka na pumzi. Bakteria wa kinywani wenye ureasi nao huivunja urea hiyo inapopita ulimini, na pumzi ya dakika za mwanzo huweza kuonyesha maambukizi yasiyokuwepo. Hii ndiyo sababu mgonjwa huweza kupewa urea ndani ya kidonge cha kumeza, au kuambiwa asukutue mdomo, na pumzi ya kupimwa huchukuliwa baada ya dakika 20 au 30 wakati kelele za kinywa zimekwisha kutulia. Anayeharakishwa apulize mapema kwa sababu foleni ni ndefu ana haki ya kuuliza.

Kosa la upande mwingine, yaani kuambiwa huna wakati unao, husababishwa zaidi na dawa. Omeprazoli na jamaa zake, yaani dawa za kupunguza asidi, huwapunguza bakteria bila kuwamaliza, na hivyo hupasa kuachwa kwa wiki 2 kabla ya kipimo cha hewa au cha choo, huku antibayotiki na bismathi, dawa ya madini inayotumika pamoja nazo katika tiba hii, zikihitaji nafasi ya wiki 4. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili hakifai kabisa kuthibitisha kupona, kwa sababu kingamwili hubaki katika damu muda mrefu baada ya bakteria kuondoka. Nimekutana na watu waliotibiwa mara ya pili kwa sababu ya kipimo hicho peke yake, na huenda walikuwa wamepona tangu mara ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye swali la bakteria kurudi baada ya tiba. Wanapoonekana tena ndani ya mwaka wa kwanza, uchunguzi wa vinasaba mara nyingi huonyesha kwamba ni wale wale wa mwanzo, maana yake hawakwisha. Hapa mtetezi wa nadharia ya kinywa atasema: hiyo ndiyo hoja yangu, walikuwa mdomoni. Lakini tumbo lenyewe lina maficho yake, ndani kabisa ya ute na katika vishimo vya tezi ambako dawa hufika kwa shida, na juu ya hayo kuna usugu wa dawa, ambao ndio ninaouona kuwa chanzo kikuu. Tiba ya dawa tatu iliyotumika miaka mingi, yaani dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili, klarithromaisini na amoksilini, imepoteza nguvu katika sehemu nyingi za dunia, na mwaka 2017 WHO iliwaweka H. pylori wasiosikia klarithromaisini katika orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Ndiyo maana miongozo ya karibuni, ukiwemo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2024, huelekeza kuanza na tiba ya dawa nne yenye bismathi kwa siku 14 pale ambapo usikivu wa bakteria kwa dawa haujapimwa. Mgonjwa aliyekatisha dozi kwa sababu ya kichefuchefu, au aliyepewa antibayotiki ambayo aliwahi kuitumia kwa kikohozi na magonjwa mengine, ana sababu ya kutosha ya kutopona hata kama meno yake yanang'aa.

Hata hivyo ipo hoja ya kitabibu inayokipa kinywa nafasi. Bakteria walioshikamana katika utando, kama walivyo bakteria wa ukoga, hustahimili dawa kuliko wale wanaoelea peke yao, na dawa za kumeza hutegemea sana kukutana na bakteria ndani ya tumbo lenyewe. Wapo watafiti waliojaribu kuunganisha tiba ya tumbo na usafishaji wa kina wa meno na fizi, yaani kukwangua ugaga juu na chini ya ufizi, na mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaochambua majaribio ya tiba kwa pamoja, yalikusanya majaribio 7 ya aina hiyo yenye jumla ya washiriki 691. Waliotibiwa fizi pamoja na tumbo walionekana kupona zaidi na kurudiwa kidogo. Waandishi wa mapitio hayo walisema wazi kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo, majaribio yenyewe yakiwa madogo na yenye kasoro, na mimi siwezi kuwa na uhakika kuliko wao. Ninachokiona ni kwamba kusafisha fizi zinazotoka damu ni tiba inayohitajika kwa sababu zake zenyewe, hivyo mtu mwenye fizi mbovu hapotezi kitu akiifanya wakati huo huo. Asiye na tatizo la fizi, akitozwa fedha ili kuua H. pylori kwenye meno, anauziwa kitu ambacho hakijathibitishwa. Maji ya kusukutua yanayotangazwa kwa kazi hiyo nayaweka katika fungu hilo la mwisho.

Wakati wa matibabu kinywa changu kilinisumbua kuliko tumbo. Klarithromaisini huacha uchungu na metronidazoli, antibayotiki nyingine, huacha ladha ya chuma ambayo haiondoki kwa kupiga mswaki, na bismathi, ikikutana na misombo ya salfa iliyomo mdomoni na katika utumbo, hufanya ulimi na choo viwe vyeusi. Weusi huo hauna madhara na huondoka dawa ikiisha, lakini ni vyema mgonjwa aelezwe mapema, kwa sababu choo cheusi chenye kunata kama lami kwa mtu asiyetumia bismathi wala vidonge vya madini ya chuma huweza kuwa dalili ya kidonda kinachovuja damu, na huyo anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Uhusiano una njia ya pili, ile inayopanda kutoka tumboni, na nadhani imepuuzwa. Maambukizi ya miaka mingi yakichakaza ukuta wa tumbo, ufyonzaji wa vitamini B12 na wa madini ya chuma hupungua, na kinywa huonyesha upungufu huo mapema: ulimi hupoteza vinundu vyake ukawa laini, mwekundu na wenye kuwaka, pembe za midomo hupasuka, na vidonda vidogo vyeupe hujirudia. Mtu huweza kupaka dawa za vidonda vya mdomoni kwa muda mrefu ilhali kinachohitajika ni kupimwa damu. Kama H. pylori huleta vidonda hivyo moja kwa moja, bila kupitia upungufu huo, tafiti hazikubaliani. Kutapika mara kwa mara, au asidi kupanda kila usiku, hula gamba gumu la meno, hasa upande wa ndani wa meno ya juu, na madaktari wa meno hulitambua jambo hilo kabla mgonjwa hajasema neno lolote kuhusu tumbo lake. Asidi ikishalainisha jino, kupiga mswaki papo hapo huongeza ulikaji; ni afadhali kusukutua kwa maji na kusubiri.

Kuhusu harufu ya kinywa, ambayo huwapeleka wengi kupima H. pylori, ukweli ni kwamba katika visa vingi chanzo kiko mdomoni penyewe, kwenye ukoga wa ulimi na mifuko ya fizi, ambako bakteria kama Porphyromonas gingivalis huvunja protini na kutoa gesi za salfa. H. pylori naye ameonekana maabara kuwa na uwezo wa kutoa gesi hizo, na wapo wagonjwa ambao harufu ilipungua baada ya tiba. Lakini dawa waliyopewa, hasa metronidazoli, huwaua pia bakteria wa fizi, na hivyo si rahisi kusema ni nani aliyeondoka na harufu yake.

Kwa miaka ya karibuni macho ya watafiti yameanza kuwageukia wakazi halisi wa kinywa. Kila siku tunameza mate yenye mabilioni ya bakteria, na tumbo lenye asidi kali huwaua karibu wote. Tumbo lililochakazwa na H. pylori halina tena asidi hiyo, na dawa za kupunguza asidi zinazotumiwa kwa muda mrefu nazo huongeza idadi ya bakteria wa kinywani wanaokutwa ndani ya utumbo. Mwaka 2024 kundi la watafiti la Hong Kong lilichapisha kazi inayoonyesha kwamba Streptococcus anginosus, bakteria wa kawaida wa kinywani, aliweza kuota katika matumbo ya panya, akaleta uvimbe wa muda mrefu na mabadiliko yanayoelekea saratani hata bila H. pylori kuwepo. Panya si binadamu, na hakuna daktari anayepaswa kubadili tiba leo kwa sababu ya kazi hiyo moja. Lakini ikiwa matokeo hayo yatathibitika kwa watu, basi kumpima mgonjwa aliyekwisha kuondolewa H. pylori, ambaye ukuta wa tumbo lake umebaki umechakaa na fizi zake zinatoka damu, hakutaishia kwenye kipimo cha hewa peke yake.